Mtoto Aliyebaki Nyuma ya Maktaba

Siku ya kwanza kumwona, nilidhani amepotea njia. Ilikuwa Jumamosi mchana, na chumba chetu cha michezo ya kompyuta kilijaa vijana. Mama wa karibu miaka sitini akasimama mlangoni, mkoba kwapani, akaniuliza kama ni kweli kuna mchezo wa kuendesha shule. Mimi si mwepesi wa maneno, na kwa mgeni ndiyo kabisa. Nikamwonyesha kiti, nikamwashia.

Alikuwa mlinzi wa shule ya msingi ya jirani. Vijana, ambao wengi wao aliwahi kuwafungulia geti, walimwita Mama Geti. Mwaka ukiisha angestaafu na kuhamia kwa binti yake, mbali. Alisema kwa miaka thelathini na moja ameitazama shule akiwa getini, sasa anataka kuiendesha kidogo.

Mwenye chumba ni dada yangu. Kazi yangu ni kuwasha, kuzima na kufagia. Michezo siijui sana, lakini ule nilijikuta naufuata. Wengine huanza na jengo refu na bendera. Yeye alianza na vyoo, kisha bomba la maji, kisha kibanda cha kivuli kwa watoto wanaosubiri kuchukuliwa. Watoto wale wa kwenye kioo, wasiozidi ukucha, wakaanza kumiminika. Nyota ambazo mchezo humpa mwendeshaji zikapanda mpaka nne. Ya tano ikifika, mchezo hufungua sekondari, na darasa la saba lote linavuka. Hiyo ndiyo aliyoitaka kabla ya kuondoka. Mimi niliyeishia darasa la saba niliiombea kimoyomoyo kuliko yeye.

Alikuwa na desturi moja. Muda wake ukiisha na kengele ya mwisho ya mchezo ikilia, hakukubali nizime mpaka ahesabu watoto wote wakitoka getini. Vijana walimtania kwamba hao hawana mama wa kuwasubiri. Alicheka, akaendelea kuhesabu.

Zilipobaki Jumamosi mbili tu aondoke, hesabu ikakataa. Shule ilikuwa na watoto mia mbili kumi na nne, wakatoka mia mbili kumi na tatu. Tukatafuta, mimi nimeinama begani kwake. Tulimkuta nyuma ya maktaba mpya, mwenye sweta jekundu, amebanwa kati ya kuta mbili zisizo na mlango. Anatembea hatua mbili, anageuka. Jengo lilikuwa limepandishwa yeye akiwa pale.

"Mwache huyo, bibi," kijana wa meza ya pili akamwambia. "Huyo ni doa tu la kwenye kioo. Ukivunja maktaba unarudi nyota mbili, na ya tano umeshaikaribia."

Akanigeukia mimi. "Yuko humo tangu lini?"

Nikaangalia tarehe ya ujenzi. Aliijenga mchana uleule; siku za mchezo ni dakika chache tu, lakini ni siku. "Kumi na tisa, mama."

Akavua miwani, akaifuta taratibu kwa upindo wa gauni, akaivaa. Kisha akabonyeza. Maktaba ikaporomoka, nyota mbili zikazimika. Yule wa sweta jekundu akasimama kidogo, kama asiyeamini, akavuka uwanja peke yake, akapita getini.

"Mia mbili kumi na nne," Mama Geti akasema, akaniruhusu nizime.

Sijui nieleze vipi. Nimeona wengi wakishinda humo ndani, wakipiga meza na kurukaruka. Sijawahi kuona mtu akiangusha kazi ya miezi minne kwa ajili ya mmoja, tena mtoto ambaye hayupo popote.

Jumamosi ya mwisho alifika nyota tatu, basi. Kengele ilipolia nilimhesabia mimi, kwa sauti, mbele ya vijana wote, mimi ambaye hata salamu hunipa shida. Alipochukua mkoba wake nilitaka kumwambia neno, nikabaki nimeshika ufagio. Akageuka mlangoni.

"Nimekuachia geti, mdogo wangu," akasema. "Yule wa sweta jekundu huwa anachelewa."