Siku Mama Alipomkinga Mwizi

Juzi niliona umati ukimkimbiza mwizi sokoni, nikamkumbuka mama.

Nilikuwa msichana mdogo, tukikaa mtaa wa Makadara. Alasiri hiyo kijana mmoja aliyeiba sufuria alianguka mbele ya mlango wetu, damu ikimtoka masikioni. Hewa yote ilinuka petroli. Watu walipiga kelele, “Choma huyo!” Jirani yetu Baba Adhiambo, kibarua wa viwandani Industrial Area, akainua jiwe.

“Siku yake imefika,” alisema. “Mungu alishajua.”

Nilimwamini. Kanisani tulifundishwa kwamba Mungu hujua yote kabla hayajatokea, nami nikadhani Mungu ndiye aliyeuinua ule mkono wenye jiwe.

Mama alitoka jikoni mbio, akamlalia yule kijana.

“Basi Mungu alijua pia nitalala hapa. Haya, rusha!”

Jiwe lingine lilitoka nyuma ya umati, likamvunja mama bega. Niliusikia mfupa ukilia. Baba Adhiambo akaliachilia lake chini, akageuka, akaanza kuwasukuma wenzake nyuma. Kijana akapona.

Jioni, mama akifungwa bendeji, nilimuuliza, “Ulijua watakupiga?”

“Nilijua, mwanangu. Lakini hakuna aliyenisukuma.”