Onesmus Alivyokufa Ndani ya Hariri

Onesmus, kijana wa Kitui, ni mlinzi wa jengo moja pale Jumeirah Lake Towers, Dubai, na mdomo wake haulali. Mhindi atasalimiwa Kihindi, Mfilipino Kifilipino, Mwarabu ataulizwa mpaka hali za wajukuu ambao Onesmus hajawahi kuwaona. Lakini aingie Pauline, fundi cherehani kutoka Dubai Investments Park, ulimi unafunga duka. Aliwahi kumwambia "habari ya asubuhi" saa kumi jioni, kisha akakimbilia kwenye lifti. Na Ijumaa ya wiki ninayowasimulia Pauline alikuwa anarudi Kenya, mkataba umeisha, khalas! Jamaa bado anameza mate tu.

Sasa bwana, ghorofani kulikuwa na Thamer, muuzaji wa vitu vya kale. Alikuwa na kizibao cha hariri cha zaidi ya miaka mia, cha enzi zile wafalme na marais walipopigwa bastola mchana kweupe, wamekaa kwenye magari ya farasi wanapungia watu mikono. Wakubwa waliingiwa na hofu, wakashonewa hariri tabaka juu ya tabaka mpaka ikawa nene kama godoro la mtoto, na risasi za bastola za siku zile, ambazo hazikuwa na kasi ya hizi za leo, zikawa zinanasa humo. Kizibao chenyewe kilichakaa, hakigusiki, ndipo Pauline akapewa kazi ya kushona mfano wake. Na mwili uliokitosha ulikuwa wa nani? Wa Onesmus!

Siku ya maonyesho, siku mbili kabla ya Pauline kuondoka, Thamer alimvika kile kizibao kipya, akamsimamisha mbele ya wageni, akamwelekezea bastola ya kale. Ilikuwa chuma kitupu, imetolewa matumbo yote, na Onesmus aliambiwa hivyo tena na tena. Lakini mdomo wa bastola ukikutazama, nani anakumbuka? Halafu alikuwa na siri yake. Mlinzi haruhusiwi kunywa chai mbele ya wageni, kwa hiyo kikombe chake cha karatasi, kimejaa chai ya karaki ya moto, alikuwa amekichomeka ndani ya kizibao.

"Yalla, Onesmus, simama imara," Thamer akasema.

Pa! Puto la mapambo likapasuka kwenye taa.

Weee! Onesmus alijikumbatia, kikombe kikabonyea, kitu cha moto kikamtiririka tumboni. Akaanguka chali.

"Nimepigwa! Mama yangu, nimekwisha! Mwambieni Pauline nampenda! Nampenda tangu siku ile aliponipima kifua!"

Pauline akaja mbio, akapiga magoti, akagusa kizibao, akanusa vidole.

"Onesmus," akasema, "damu yako ina iliki."

Watu walicheka mpaka Thamer akaketi sakafuni na bastola yake. Onesmus alitamani risasi ingekuwa ya kweli. Pauline peke yake hakucheka.

"Hayo uliyosema ukiwa maiti, unaweza kuyasema ukiwa mzima?"

Onesmus akainuka. Akafungua vifungo kimoja kimoja, akavua kizibao, akakiweka kando. Akamtazama Pauline usoni; safari hii hakukimbilia lifti.

"Nakupenda, Pauline."

"Basi nipe namba ya mama yako. Nikishuka tu Nairobi napanda gari la Kitui, nikamsalimie."

"Utamwambia nini?"

"Kwamba mtoto wake alikufa kidogo, akafufuka na akili."