Treni Inayosimama

Ofisini tulimwita Behewa, naye akaitika. Kazi yake ilikuwa kukagua mizani: ya maghala, ya viwanda, ya kliniki zinazopima watoto. Mimi ndiye niliyekuwa nikiiuza mizani hiyo, yeye akinifuata nyuma kuhakikisha haidanganyi. Kwa hiyo tulikutana sana safarini, ila si katika chombo kimoja. Mimi ni mtu wa ndege. Nipande asubuhi, nimalize mambo yangu, jioni niko kwangu nimevua viatu vya visigino. Yeye alikuja kwa treni, akafika kesho yake macho mekundu na shati limejikunja, halafu anakusalimia kwa furaha kama mtu aliyetoka harusini. Kumsubiri kulinipandisha hasira, sifichi.

Wote tulijua anaogopa ndege. Hakuna aliyewahi kumuuliza, lakini tulijua. Dereva wa ofisi alimtania kila wiki.

"Behewa, siku ukipanda ndege utaomba kushuka njiani!"

"Nyie rukeni tu," alijibu. "Mimi na ardhi bado tunapendana."

Kisha mkurugenzi wetu, mama asiyependa kuona muda ukipotea, akatangaza kikaoni kwamba safari zote za kikazi sasa ni za ndege. Akamwangalia Behewa. "Na wewe pia. Safari zako zinakula siku nzima."

Behewa akabadilika uso. Si msemaji yule. Kikaoni huwa anakuna kidevu tu mpaka watu waondoke. Siku hiyo alisimama, akafungua begi lake, akatoa jiwe la mizani la chuma na kulitua mezani mbele ya mama.

"Mama, mawe kama hili ndiyo ninayopimia. Kwenye ndege nitanyang'anywa mlangoni, yatupwe kule chini na masanduku. Moja likichubuka kidogo tu, mizani yote niliyoigusa inakuwa ya uongo."

Hakuishia hapo. Akamwaga sera kama mgombea: treni inakushusha katikati ya mji, unaandika ripoti njiani, hukai uwanjani kusubiri ndege iliyochelewa. Jasho lilimtoka. Nilijiuliza mtu anawezaje kuipigania treni namna hiyo, kana kwamba kanyang'anywa mtoto.

Mama alishawishika kupita kiasi. "Basi, wote treni," akasema, na kidole kikanigeukia mimi. "Mtaanza nyinyi wawili, Alhamisi."

Nilinuna siku nzima. Behewa alitembea korido akitabasamu peke yake. Katibu muhtasi alitukatia tiketi, na Behewa akaitia yake mfukoni bila kuisoma. Nani amsomee Behewa mambo ya reli? Vituo vyote alivijua kwa moyo.

Alhamisi alikuja amenyoa ndevu, shati jipya. Treni nayo ilikuwa mpya, viti laini, inakwenda kwa kasi. Alisifia kila kitu. Tulipovuka daraja akaenda kunawa mikono, akarudi, akatoa leso mfukoni. Ndani yake kulikuwa na kikata kucha.

"Nashuka kidogo pale njia panda," akaniambia, "wakati wanabadili kichwa cha treni."

Kondakta alikuwa akipita. "Mzee wangu, hii haibadili kichwa. Hatusimami pale."

"Inasimama siku zote."

"Ile ya zamani. Imeondolewa mwezi huu. Sasa ni hii tu, na hii inapita."

Behewa akacheka, akidhani anataniwa. Kondakta hakucheka. Mwenzangu akashika mgongo wa kiti. Akampigia simu dada yake. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena.

"Ana kibanda cha kushona ng'ambo ya stesheni," akasema. "Cherehani ikilia hasikii. Mungu wangu, amekwisha kumweka pale."

"Amemweka nani?"

Ndipo aliponiambia, maneno yakimponyoka huku amekodolea simu macho. Mama yake amepoteza kumbukumbu. Likizo iliyopita Behewa alikwenda nyumbani, na mama akapiga kelele za mwizi, majirani wakajaa uani. Hamjui tena. Ila kwenye jukwaa la stesheni anamjua. Akishuka kwenye treni, mama anamwita kwa jina lake la utotoni na kumuuliza kwa nini amekonda. Wanakaa kwenye benchi, anamkata kucha. Dada akijaribu kumkata, mama anang'ata. Anamngoja mwanawe wa kwenye treni.

"Nyumbani mimi ni mwizi," alisema. "Pale tu ndipo nina mama."

Miaka yote ile ya kumcheka.

Akamwendea kondakta. Akamwomba, mikono ameikutanisha, mtu mzima yule. Asimame kidogo tu. Basi apunguze mwendo. Kondakta alimhurumia, akaenda akazungumza na dereva kwa simu ya ukutani, akarudi akitikisa kichwa. Behewa akainua macho kwenye mpini mwekundu wa breki ya dharura. Mkono ukaufikia. Kondakta akaushika kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, nakuomba. Ona akina mama wamesimama na watoto. Kwa mwendo huu utaniua watu."

Behewa akawatazama wale watoto. Mkono ukashuka wenyewe.

Alikimbilia dirishani, nami nyuma yake. Stesheni ikaja: madirisha yamepigiliwa mbao, jukwaa tupu, na benchi moja. Juu ya benchi bibi kizee mdogo, kitambaa cheupe kichwani, amekaa wima. Mikono ameiweka magotini, vidole amevitanua, tayari.

"Mama!" Akapiga kioo kwa viganja. "Mama! Mimi hapa!"

Vioo vya treni ile havifunguki. Bibi hakugeuka hata kidogo. Upepo wetu ulimfunua kitambaa, akakishika, akavirudisha vidole magotini. Halafu kukawa na vichaka.

Behewa alilia kwa sauti, na behewa zima likageuka kumtazama. Simu ilipoita hakuweza kuishika, akanitupia mimi. Nikafungua spika.

"Kaka? Samahani, ndiyo kwanza naona simu zako. Treni imepita, mbona haikusimama?"

Nikamweleza kwa kifupi. Nikasikia upepo wa jukwaani.

"Dada yangu," akaniambia, "nimemwambia twende nyumbani, amegoma. Ameshika benchi. Nimemwambia treni imeshapita. Anasema ile siyo, ya mwanawe inasimama. Anasema tukae tuingoje."

Nilimtazama Behewa. Alikuwa anasikia kila neno. Kikata kucha kilikuwa bado mkononi, amekikamata mpaka kiganja kimeweka alama.

"Muulize kaka," dada akasema, naye sasa analia. "Nimwambie inakuja lini?"