Bei Itashuka Jumatano

Watu walimwita Bwana Ngoja, na jina hilo alijitafutia kwa mdomo wake mwenyewe. Alikuwa karani katika ofisi ya kukata tiketi za ndege, chumba kimoja juu ya duka la rangi za nyumba, ambako mteja hukohoa kabla hajasalimia. Sasa niambie, mteja akiingia mbio na pesa mkononi, karani gani mwenye akili zake humzuia? Huyu alimzuia. "Ngoja kwanza," angesema, huku akivuta droo na kutoa daftari. "Ukikata leo umeliwa. Njoo Jumanne ya wiki ijayo."

Bosi alitaka kumfukuza, nusura amfukuze kweli, mpaka alipoona wateja wale wale wanarudi Jumanne, tena na jamaa zao.

Kwa miaka kumi na miwili, kila asubuhi kabla ya chai, aliandika nauli ya siku hiyo ya zile safari tano za mbali. Siku ya harusi yake mwenyewe alipitia ofisini akiwa na suti, akaandika, ndipo akaenda kuoa. Alijua kwamba shule za ughaibuni zikifungwa nauli hupanda na kukaa juu kama paka juu ya kabati, hata umwite vipi. Halafu Jumatano ya pili baada ya shule kufunguliwa, huporomoka. Ilikuwa hivyo miaka kumi na mmoja kati ya kumi na miwili. Ule mmoja uliokataa aliuzungushia kalamu nyekundu, akauita mwaka mkorofi.

Mdogo wake, kitinda mimba wa mama yao, alikuwa fundi wa friji ughaibuni, na mwaka wa tisa ulikuwa unapita hajaonana na mama yake. Ini lilianza kumsumbua mwaka uliotangulia. Mama na kaka wakahangaikia viza, wakazipata, wakaziweka. Basi Jumatatu moja, saa sita mchana, mke wa mgonjwa akapiga simu ofisini. Hakuzunguka.

"Shemeji, madaktari wamesema ni wiki. Hawakusema miezi. Anamtaka mama yake."

Mtu mwingine angefungua pochi. Bwana Ngoja alifungua daftari. Simlaumu sana kwa hilo, maana hesabu yenyewe ilikuwa na maana: pesa waliyokuwa nayo, yake na ya mama, ilitosha tiketi moja tu kwa bei ya siku ile. Zikipita siku kumi na sita, pesa hiyo hiyo ingekata mbili. Na mama yake alikuwa na miaka sabini na minne, hajui kusoma, na njiani kuna kubadilisha ndege kwenye uwanja mkubwa kuliko mtaa wao wote.

Alimkuta mama sebuleni, amekwisha kutoa begi na kulikung'uta vumbi.

"Kata moja," mama alisema. "Nakwenda mimi."

"Peke yako, Mama? Utapotea."

"Nina mdomo. Mwenye mdomo hapotei."

"Huko hawasemi lugha yetu."

"Nitalia. Kilio kinaeleweka kote. Kata, mwanangu."

"Mama, ngoja. Shule zikifunguliwa, Jumatano ya pili bei itashuka, tutakwenda wote wawili, nitakushika mkono mpaka kitandani kwake. Wiki mbili si mwaka."

Mama alikuwa mjane aliyezoea kumsikiliza mwanawe mkubwa kama alivyomsikiliza marehemu, na nadhani siku ile mazoea yalimponza. Alilifunga begi, akaliegemeza ukutani.

Kesho yake bosi alimwita. Bosi huyo alikuwa mkali kama pilipili, lakini mwenye utu. "Nimesikia habari za mdogo wako. Chukua mshahara wa miezi mitatu mbele, kata zote mbili leo, uende zako."

Na hapa, tuseme ukweli, ndipo alipokosea, na kosa lenyewe lilikuwa kiburi tupu. Njia alikuwa ameonyeshwa. Lakini angewezaje, yeye Bwana Ngoja, mbele ya ofisi nzima, kununua tiketi kwenye kilele cha bei? Watu wangesemaje? Alitabasamu, akasema, "Ahsante, bosi, lakini ya nini kutupa pesa? Inashuka hii."

Dada wa mapokezi alishindwa kuvumilia. "Kaka, ngoja ngoja huumiza matumbo."

"Hiyo ni methali," alimjibu. "Hili ni daftari."

Siku ya sita bei, badala ya kutulia, ikapanda tena kidogo. Akafungua kurasa za mwaka mkorofi, akazisoma kama mtu anayesoma barua ya kufukuzwa kazi, akajiambia hapana, hazifanani. Siku ya tisa alizungumza na mdogo wake kwa simu. Sauti ilikuwa nyembamba, lakini utani ulikuwa bado umo.

"Kaka, hiyo bei yako imeshuka?"

"Bado. Jumatano ijayo."

"Basi na mimi nimwambie nani huku aningojee mpaka Jumatano?" Akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, simu ikachukuliwa na mkewe. Bwana Ngoja alikaa pale na simu mkononi. Aliogopa, aliogopa kweli kweli, na bado hakukata tiketi. Siku tisa zilikuwa zimekwisha kupita. Kukata sasa kungekuwa kukiri kwamba zilipotea bure.

Jumatano ikafika. Saa nne asubuhi nauli ikaporomoka, siku ile ile aliyoitaja. Alipiga meza kwa kiganja. "Nilisema! Si nilisema?" Dada wa mapokezi akapiga makofi, wateja wawili waliokuwa wakingoja wakapiga makofi bila kujua sababu, na bosi akatoka nyuma ya meza yake kumpa mkono. Akakata mbili, za kuondoka Ijumaa. Jioni ile mama alicheka kwa mara ya kwanza tangu simu ya Jumatatu, akapanga nguo, akazitoa, akazipanga upya.

Jumamosi walitua. Alimshika mama mkono kila hatua, kama alivyoahidi. Shemeji alikuwa akiwasubiri kwenye mlango wa kutokea uwanjani, amevaa koti jeusi, na alipowaona hakutembea kuwajia. Mama akaelewa kabla ya mtu kufungua mdomo. Akaketi juu ya begi katikati ya wapita njia.

Alikuwa amefariki Alhamisi mchana.

"Sikuweza kuwaambia kwa simu," shemeji alisema walipofika nyumbani, katika chumba cha mgonjwa ambacho kilikuwa bado kinanuka dawa. "Niliogopa mama asije akapanda ndege na msiba kifuani." Hakuwa na hasira, na bora angekuwa nayo. "Kila asubuhi aliniuliza, mama yuko wapi. Ningemdanganya nini? Nilimwambia ukweli. Nilimwambia tiketi bado ni ghali, kaka anangojea zishuke. Akawa ananiambia, kaka anajua, mwache. Jumatano nilimwambia zimeshuka. Akafumba macho, akasema vizuri. Hakusema tena."

Bwana Ngoja alisimama karibu na dirisha. Alitaka mama amtukane. Alitaka amrushie kiatu, amwite muuaji, afanye lolote. Mama alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda cha mwanawe, anaunyoosha mto kwa kiganja.

"Ilishuka kiasi gani?" mama akauliza.

"Mama, tafadhali."

"Nakuuliza, mwanangu. Sikupata kukuuliza."

"Asilimia arobaini na mbili."

"Ndiyo nini hiyo?"

Ikambidi aeleze. Alimweleza mama yake kwamba ukigawa kitu mafungu mia, mafungu arobaini na mawili yanaondolewa, kwamba ni kama nusu, kasoro kidogo.

"Nusu kasoro kidogo," mama akarudia polepole. Akavua viatu, akalala pale kwenye kitanda cha mwanawe, akageukia ukuta. "Basi si haba."