Alama ya Kamba Begani

Walinivua shati, na kabla sijafungua kinywa wakasema mi ni muuaji.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Kitu kizito pekee nilichowahi kuning'iniza begani ni gitare ya kanisa.

Vijana wananiandikia humu mtandaoni kila siku, wananiita Ya, yaani kaka mkubwa: "Ya Dany, nifanye nini nijue gitare mbio?" Ushauri nitawapa, msijali. Lakini kwanza mnisikilize, maana ushauri wenyewe niliulipia kwa woga.

Ilikuwa Bunia, mashariki ya Kongo, 2003, mwezi wa tano, wakati wa vita. Risasi zinalia mchana kweupe, jirani wa jana hakusalimii tena. Mama akaniambia: "Dany, fuata mwalimu wako. Muende mji wa Komanda, halafu Beni. Mi nitakuja na watoto."

Mwalimu wangu ni Ya Kule. Bunia nzima usingempata wa kumpita kwa gitare. Mimi alinifundisha gitare ya basi, ile ya kamba nene na sauti nzito, ku korali yetu, kwaya ya kanisa. Nzito kama gunia la mihogo! Na mkanda haikuwa nao, tuliifungia kamba ya nailoni.

"Jifunze ukiwa umekaa," alikuwa ananigombeza. "Na uweke kitambaa begani, kamba itakukata."

Nani asikie? Mi nilitaka kusimama, nikatike kiuno kama wanamuziki wakubwa. Kamba ikanichora begani alama nyeusi, nene.

Basi njiani, mimi na Ya Kule, tukakuta bariyeri, kizuizi cha barabara. Vijana na bunduki, macho mekundu. Wanaume wote, vueni mashati!

Walikuwa wanatafuta alama ya mkanda wa bunduki. Ukiwa nayo begani, weye ni mpiganaji wa upande mwingine, na habari yako imeishia hapo.

Mmoja akanigusa bega.

"Eeh! Huyu hapa!"

Nikainua mikono.

"Hapana, papa! Ni gitare! Niko najifunza gitare ku kanisa!"

Mkubwa wao, waliyemwita Kamanda, hakucheka. "Kila mutu hapa iko wa kanisa. Leteni gitare."

Kijana mmoja akaingia mu nyumba ndogo nyuma ya bariyeri, akatoka na gitare. Nikashangaa. Hawa na gitare wapi na wapi?

"Piga. Ukidanganya, tutakuzika nayo."

Nikakaa chini. Nikapima sauti za kamba kwanza, maana Ya Kule alinifundisha hivyo: hata uwe na haraka gani, kamba kwanza. Zilikuwa sawa zote.

Nikaanza wimbo wa korali. Nikakosea. Nikarudi mwanzo. Nikakosea tena, palepale. Nikarudi mwanzo.

Hiyo ndiyo tabia Ya Kule aliyoichukia kuliko zote. Ukikosea songa mbele, alikuwa anasema, usirudi nyuma! Lakini siku ile akili yangu ilikuwa haipo, nawaambieni ukweli.

"Nani anakufundisha?" Kamanda akauliza.

"Huyu hapa," nikasema, na kidole nimeshamnyoshea Ya Kule.

"Mwalimu! Chukua. Tuonyeshe siye."

Nikasema moyoni tumepona. Ya Kule akipiga, hawa watasahau hata bunduki zao.

Akaipokea gitare. Akaiangalia. Akaangalia mlango wa ile nyumba kitambo kidogo. Akaanza.

Ndugu zangu, ilikuwa aibu!

Vidole vizito, kamba zinalia ovyo. Akakosea, akarudi mwanzo. Akakosea, akarudi mwanzo. Kisha akaanza na kuimba, na sauti ile yake ambayo hata korali iliikataa.

Nikajua woga umemmaliza, na tumekufa sote wawili. Nilitaka kupiga kelele: "Ya Kule, piga vizuri!" Neno lilishafika kwenye meno. Sijui nini kililizuia.

Akamaliza.

Halafu kijana mmoja akaanza kucheka. Na mwingine. Wote wakawa wanashika mbavu.

"Kumbe ndiyo maana mwanafunzi iko hivi!" Kamanda alisema, anafuta machozi. "Mwalimu mwenyewe ni bure! Ondokeni hapa na makelele yenu!"

Tukatembea. Kukimbia tuliogopa, mgongo wote unangoja risasi. Tulipopita kona, Ya Kule akainama kando ya barabara akatapika.

"Ya Kule, ulikuwa na nini pale? Umesahau gitare?"

"Ile gitare ni ya Michel."

Michel alikuwa rafiki yake, walipiga pamoja toka utoto. Alitangulia njia hiyohiyo siku moja kabla yetu.

"Michel iko mule mu nyumba, Dany. Wamemufunga muguu. Aliniona nimeshika gitare yake, akafanya hivi."

Akatikisa kichwa polepole, upande na upande. Hapana.

"Yeye aliwapigia vizuri. Ndiyo maana hawakumuachilia. Wanataka mupigaji wao."

"Turudi?" nikauliza, na nilikuwa naomba Mungu Ya Kule akatae.

Alilia, mtu mzima, katikati ya barabara. Kisha akanishika mkono tukaendelea na safari.

Michel hajarudi mpaka leo. Mke wake, Hélène, alikuwa anauliza kila mtu aliyetoka njia ya Komanda, mpaka watu wakaanza kumkwepa.

Haya, ushauri wenu. Jifunze ukiwa umekaa. Mkanda uwe mpana, na kitambaa chini yake. Kamba pima kabla ya yote. Wimbo ukiwa mgumu, piga polepole, kipande kwa kipande, na ukikosea songa mbele. Vidole vikiuma pumzika, kesho shika tena. Hakuna dawa ya mbio.

Na siku utakapojua kweli, watu watakupigia makofi. Furahi, ni haki yako. Ila ujue kwanza nani anasikiliza, kabla hujamwaga yote uliyonayo. Michel, rafiki yake Ya Kule, alitukataza kwa kichwa tusipige vizuri, tukakosa sifa ili tupite, na yeye akabaki.

Mi napiga ku kanisa kila Jumapili, siku ya Mungu. Bado nawapitia kwa macho watu wa viti vya nyuma, mmoja mmoja, ndipo naanza.