Picha Niliyompiga Mama Mkwe

Naomba jambo hili mlisikie kwangu kabla hamjalisikia sokoni. Niliazima kamera kwa karani mwenzangu wa Chumbageni, akanionya kila nikipiga picha nizungushe filamu, la sivyo picha mbili zitapandana. Njiani kwenda Amani kwa wakwe, nikampiga picha nyani dume aliyeketi kando ya barabara. Nilipofika, mama mkwe akavaa kanga mpya, akakaa kitini apigwe picha naye. Mkwe hatazamwi usoni, basi nikabonyeza nimeinamisha kichwa, na kwa haya hizo sikukumbuka kuizungusha filamu. Picha iliposafishwa, hata bahasha sikuthubutu kuifungua. Nikampelekea siku ya karamu, mbele ya mashemeji wote.

Akafungua bahasha, akaitazama picha.

“Mimi nimetoka vizuri, baba,” akasema taratibu. “Lakini huyu nyani niliyempakata, ni wa kwenu?”