Choo cha Mkwe

Siku ya saba bila kwenda haja, Mama Amolo aliacha hata chai. Alikaa kwenye kiti cha plastiki nje ya nyumba ya bintiye, pale Otonglo, mikono imekumbatia tumbo lililokaza. Waliopita wakimsalimia aliwajibu kwa kichwa tu.

Hakuwa mtu wa kukaa. Kwa zaidi ya miaka arobaini alikuwa amelima mtama na kuanika dagaa wa omena ufuoni mwa ziwa kule Nyakach, akamzika mume huko, akaendelea kulima. Kisha ziwa likapanda. Maji yaliingia shambani, yakaingia jikoni, mwishowe yakafunika kaburi. Mama Amolo alilala katika darasa la shule na wenzake waliohama, akingoja yashuke. Hayakushuka. Celestine, mtoto wake wa pekee, akaja kumchukua.

"Ni kwa muda tu, Mama," alimwambia.

Muda huo sasa ulikuwa miezi minane.

Nyumba ilikuwa ya Walter, mume wa Celestine, fundi wa kuchomelea vyuma. Ilikuwa na vyumba viwili, sebule, na choo kimoja, mlango wake ukitazamana na kiti anachokalia Walter akila. Mama Amolo alilelewa akijua kwamba mama mkwe hali mbele ya mkwewe, wala halali chini ya paa lake, sembuse kutumia choo chake. La kulala lilikuwa limemshinda, maana hakuwa na pa kwenda. La choo aliona anaweza kulizuia.

Alianza kwa kupunguza maji. Mboga akaziacha, kwa kuwa zilimsukuma, akawa anakula kipande cha mkate mweupe na kijiko kimoja cha wali. Walter akienda kazini, aliwahi chooni mbio. Lakini kulikuwa na siku kazi haipatikani, na Walter anashinda nyumbani tangu asubuhi hadi jioni. Siku hizo haja ilikuja, Mama Amolo akabana, ikarudi ilikotoka. Baada ya wiki kadhaa haikuja tena hata nyumba ikiwa tupu.

Jirani alimchemshia mizizi michungu. Ilimkata tumbo usiku kucha, asipate chochote. Celestine alipouliza, alijibiwa, "Nimeenda asubuhi, mkiwa mmelala."

Siku hiyo ya saba alitapika. Celestine akaita tuktuk, wakaenda zahanati.

Muuguzi aliyewapokea, Sista Naswa, alikuwa mwanamke mnene wa makamo. Alimbonyeza tumbo polepole, akauliza kama ameona damu, kama amekonda, anameza tembe gani. Kisha akavuta pazia na kumtilia dawa ya kulainisha kwa nyuma. Ilichukua muda mrefu na iliuma. Mama Amolo alilia kimyakimya, uso ukutani. Maumivu angeyavumilia. Kilichomliza ni kushikwa hivyo na mtu wa umri wa bintiye.

Alipotulia, Sista Naswa alivuta kiti karibu.

"Mama, kwa siku unakunywa maji vikombe vingapi?"

"Kimoja. Siku nyingine nusu."

"Kwa nini?"

Mama Amolo alivuta kanga, akajifunika magoti.

"Choo kiko mbali?"

"Kiko hapo hapo ndani." Mama Amolo alitazama mikono yake. "Ni cha mkwe wangu."

Sista Naswa hakucheka. "Hata kwetu Bungoma ni hivyo," alisema. "Mama yangu alikataa kuja kwangu mpaka akafa." Akainama karibu naye. "Lakini mwili haujui mkwe, Mama. Haja ukiizuia inakauka, inakuwa jiwe. Ikija, nenda. Kunywa maji tangu asubuhi, kidogo kidogo mpaka jioni. Rudia chakula chenu: mrenda, maharagwe, ugali wa mtama, uji wa wimbi wenye ukwaju, papai likipatikana. Ukishakunywa uji wa asubuhi, utumbo huamka. Kaa chooni wakati huo, miguu juu ya kistuli, usijikamue. Na utembee. Kiti hicho unachokaa kutwa kinakufunga pia. Ukiona damu, au tumbo likiuma hivi tena, usimeze mizizi, njoo."

Celestine alikuwa nyuma ya pazia. Alisikia yote.

Jioni alimweleza mumewe. Mama Amolo, kitandani, alisikia kijiko kikiwekwa chini.

"Kwa hivyo ni mimi," Walter alisema.

"Si wewe."

"Mama anaugua kwa sababu mimi niko kwangu. Utasemaje si mimi?"

Hakula zaidi. Wiki hiyo alizunguka hadi akapata chumba kimoja kwenye ploti ya pili kutoka kwake, chenye choo cha shimo nyuma. Alikibebea kitanda yeye mwenyewe, akachomelea mlango komeo, akaondoka, asiingie humo tena. Hivyo ndivyo adabu ilivyotaka: mkwe haingii chumbani kwa mama mkwe.

Mama Amolo alihamia huko, akafuata maneno ya Sista Naswa yote. Asubuhi alikunywa uji, akatembea hadi barabara ya Busia na kurudi, akachuma mrenda kando ya ua. Mwezi haukuisha tumbo likawa linafunguka kila siku, na kanga ikaanza kumkaa vizuri kiunoni.

Ila chumbani hapakuwa na sauti. Kule kwa Walter, hata akijificha, alikuwa akisikia sufuria, redio, Celestine akicheka na mumewe. Hapa mchana ulikuwa mrefu. Alipika chakula cha mtu mmoja, akala akitazama mlango.

Jumapili baada ya kanisa Celestine alipitia na papai.

"Mama, tumbo?"

"Tumbo ni zuri."

"Unaenda kila siku?"

"Kila siku."

"Asante Mungu," Celestine alisema, akatazama simu, akasema Walter anamngoja. Mama Amolo alimsindikiza hadi kwenye geti, akasimama hapo mpaka kanga ya bintiye ikapotea kati ya vibanda. Alikuwa ametaka kumuuliza kama kuna habari yoyote ya maji kule Nyakach.